Nilivyopanda Treni ya Bukama

Barafiki zangu, leo nimepata haya ya kunitosha mpaka Krismasi.

Mnaijua Jumapili ya Élisabethville. Misa. Sahani ya bukari. Kisha hakuna. (Ukitafuta sana, unapata nzi.) Sisi wasichana wa kambi ya wafanyakazi tuna mahali pamoja tu pa kwenda: gare, kituo cha treni. Mimi na mdogo wangu Hortense tunavaa robe, magauni yetu ya misa, tunasimama pale kutazama watu wanaoondoka. Hatumsindikizi mtu. Tunatazama tu. Nina miaka kumi na minane, na nilikuwa sijafika hata pale reli inapopinda.

Leo treni ya Bukama ilikuwa tayari. Mama mmoja mzee, furushi kichwani na kuku wawili mkononi, akaniita.

"Mwana, unisaidie na hii muzigo."

Nikapanda naye. Nikasukuma furushi chini ya benchi. Dirishani palikuwa wazi. Nikakaa. (Kidogo tu! Kujaribu!) Nikaweka kiwiko nje kama wanavyofanya wenye safari.

Chini, Hortense akaanza kurusha mikono, akimwita dada yake. "Yaya Léonie, shuka! Shuka!"

Nikadhani anacheza, ananiaga. Nikatoa kitambaa, nikampungia. Nilipunga vizuri sana! Kisha nikaona bomba la moshi la kiwanda linarudi nyuma. Jamani, bomba halitembei.

Hapa niseme kweli. Ningeweza kupiga kelele. Treni ilikuwa bado inajikokota. Sikupiga. Reli ikapinda, na nyuma ya ile kona kulikuwa na vichuguu, na nyasi, na vichuguu vingine. Basi. Lakini nilivitazama mpaka macho yakalowa.

"Unaenda wapi, mwana?" mama akauliza.

"Bukama." (Ulimi ulijisemea wenyewe.)

"Kwa nani?"

"Kuona muto."

Akanimiminia karanga mkononi, kama vile jibu hilo lilitosha. Sijamaliza kuzitafuna, mkagua tike akasimama mbele yangu.

"Tike?"

"Sina, papa."

"Karatasi ya ruhusa?"

"Sina."

"Sasa unaenda wapi?"

"Siende fasi yoyote, papa."

"Anaenda Bukama!" mama akapaza sauti kunitetea. "Anaenda kuona muto!"

Behewa zima likaangua kicheko. Hata kuku walipiga kelele.

Wakanishusha kwenye kituo kidogo, penye kibanda kimoja na kapita mmoja, msimamizi wa reli. Kapita akatazama viatu vyangu vya misa, akatikisa kichwa, akawaita wanaume wawili. "Panda," akaniambia, akionyesha toroli lao, lile wanalolisukuma juu ya reli kubebea vyuma na makaa. Nikakaa juu ya gunia la makaa. Na robe nyeupe!

Hivyo ndivyo nilivyoingia Élisabethville, kama mgeni mkubwa, nikisukumwa na wanaume wawili wanaoimba. Na gare ilikuwa imejaa! Hortense alikuwa amelia mpaka kambi nzima ikasikia, na kambi nzima haikuwa na kazi nyingine. Wanakwaya walikuwepo. Wacheza mpira walikuwepo. Wote waliochoshwa na Jumapili kama mimi walikuwa wamepata kitu cha kutazama, na kitu chenyewe kilikuwa kinashuka torolini, makalio meusi tii.

Papa, baba yangu mwenyewe, akasogea na suti yake ya misa. Nikafumba macho kungoja kofi. Akavua kofia.

"Karibu, mama. Safari ilikuwa muzuri?"

Afadhali angenipiga! Watu walishikana mabega kwa kucheka. Mmoja wa kwaya ilibidi akae chini.

Sasa niko nyumbani, ninasugua robe, na kila anayepita mlangoni anapiga mluzi wa treni. Papa amesema gare nisiikanyage tena mpaka niolewe.

Basi msicheke, barafiki. Na mkishindwa kujizuia, mkumbuke tu kwamba kwa nusu saa nzima, mle trenini, sikuwa hapa.