Kahigi na Chane ya Ndizi

Hakuna kazi duniani iliyomshinda Kahigi wa Izigo, isipokuwa zile alizowahi kuzijaribu.

Basi aliposikia kwamba kwenye tamasha la watoto kule Bukoba mjini kutakuwa na shindano la baba na mtoto, hakuuliza ni shindano la nini. Aliuliza zawadi tu. Akaambiwa ni mpira mwekundu, mpira wa dukani, unaodunda mpaka paa linaogopa!

Binti yake Kokuhirwa, mwenye miaka saba, alikuwa akichezea mpira wa majani makavu ya mgomba. Huo ukipigwa teke moja unafumuka, la pili unarudi shambani ulikotoka.

"Tata, utanishindia kweli?"

"Mwanangu, huo mpira hesabu umeshalala nyumbani!"

Wiki nzima Kahigi alizunguka migomba mbio kila alfajiri, akijiandaa. Mbuzi wakamwona, wakadhani anafukuzwa, nao wakakimbia. Jirani yake Mujuni akachungulia uani akicheka.

"Waitu, Kahigi! Umeiba nini?"

"Njoo na wewe Bukoba na mtoto wako, ukale vumbi langu!"

Jumamosi ikafika. Kahigi akavaa suti ya kanisani, tai, na chini raba za kukimbilia. Mkewe Immakulata akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaishia kwenye raba, akachukua mkoba wake. Ndoa njema ina ukimya wake.

Kwenye uwanja wa Bilele watoto walijaa kama senene taani! Huku wanaruka kamba, kule wanapakwa rangi usoni, na pembeni, mezani kwa Mwalimu Judica, watoto wa chekechea wanachonga wanyama kwa viazi na ndizi mbichi. Kila shindano zawadi yake mpira.

Mshereheshaji Derick akashika kipaza sauti. "Akina baba mbele!"

Kahigi akachuchumaa kama mkimbiaji wa kimataifa, vidole ardhini, makalio angani.

"Kila baba atapewa chane moja ya ndizi mbichi na kisu. Baba anamenya, mtoto anapanga kwenye jani. Atakayemenya vizuri na kwa haraka ndiye bingwa!"

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka ziwa likasikia. Wanaume wakatazamana. Kumenya? Mwanamume wa Kihaya, mbele za watu, mchana kweupe?

Kahigi alitaka kukumbuka kuwa anaumwa mgongo. Lakini Kokuhirwa alikuwa ameshakaa kando ya jani, mikono tayari, macho kwenye ule mpira. Baba akalegea.

"Kumenya ni nini bwana!" akatangaza. "Nimemtazama Mama Koku miaka yote hii."

"Ulikuwa unatazama sufuria," akasema Immakulata, akitoa kikopo cha mafuta kwenye mkoba. "Njoo upake mikono, utomvu usikushike."

"Askari hapaki mafuta kwenda vitani!"

Filimbi ikalia. Kahigi akaivamia ndizi ya kwanza kama anayepasua kuni. Ganda likaruka na nusu ya ndizi! Ya pili ikatoka nyembamba kama penseli. Ya tatu ikapinda shingo, ikawa na kichwa kidogo na miguu miwili, asijue imetoka wapi.

Halafu utomvu ukaamka. Kisu kikamng'ang'ania kiganjani. Akataka kukivuta, ganda likashika tai. Akajifuta jasho, ganda jingine likahamia kwenye paji la uso, likaweka kambi.

"Tata, hii niipange wapi?" akauliza Kokuhirwa, ameshika kijiti cha ndizi.

"Panga tu, mwanangu. Hiyo ni... hiyo ni ya kisasa."

Pembeni yake kukasikika mlio laini, shwaa, shwaa. Akageuka. Mujuni! Yule Mujuni ambaye kilabuni huapa kwamba mwanamume akishika kisu cha jikoni ndevu zinakatika! Mikono inang'aa mafuta, maganda yanadondoka membamba kama karatasi, na yeye anapiga mluzi kabisa!

"Mujuni! Umejifunzia wapi?"

"Waitu, nyumbani kwangu mlango unafungika," akanong'ona Mujuni. Mkewe, kule nyuma, akashindwa kuficha fahari yake: "Na anakaanga pia!"

Mujuni akanyakua mpira. Kokuhirwa hakulia. Alikunja tu jani lake taratibu, akaondoka nalo kichwa chini. Kahigi akaona afadhali angelia.

Mtoto akapita mezani kwa Mwalimu Judica, naye mwalimu akalifunua lile jani.

"Hebu! Twiga mzuri huyu! Na huyu ni nani, korongo? Kachonga nani?"

"Tata."

"Ana miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili."

Mwalimu akamtazama Kahigi aliyekuja nyuma ya mtoto, ganda usoni, kisu mkononi. Akacheka mpaka akashika meza. "Miaka ni arobaini na miwili, lakini mkono huu ni wa chekechea kabisa. Mpeni mpira!"

Derick naye hakuwa na huruma. "Mshindi wa kuchonga, kundi la chekechea: Mzee Kahigi!"

Akapangwa mstarini, watoto wakimfika kiunoni, akavishwa taji la karatasi. Taji likakutana na utomvu, vikapendana. Likakataa kubanduka kutoka Bukoba mpaka Izigo. Njia nzima Kokuhirwa alikuwa akidundisha mpira wake mwekundu na kumweleza kila aliyeuliza: "Tata kawa wa kwanza chekechea!"

Jumapili baada ya misa, Immakulata akaweka chane ya ndizi mbele ya mumewe, na kikopo cha mafuta.

Kahigi akaufunga mlango. Akafunga na dirisha. Akapaka mafuta, akashika kisu, akavuta pumzi.

Kutoka ng'ambo ya ua, sauti ya Mujuni ikapaa juu ya migomba:

"Jirani! Anza kwa kukata ncha zote mbili!"