Bata Kumi na Mmoja na Gilet ya Parajuriste

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimeamua. Nitakuwa parajuriste, msaidizi wa sheria wa mtaa. Miaka ishirini na miwili nilipanga majalada katika ofisi ya usafirishaji, na hakuna aliyeniuliza kilichomo ndani. Sasa watu watakuja na mashauri yao. Watabisha. Nitasema: ingieni, kaeni.

Shule ni tatu. Nimezichunguza zote leo, kwa miguu.

Ya kwanza iko juu ya duka la simu, katikati ya mji. Wiki mbili, cheti chenye muhuri mwekundu, picha ukiwa umevaa joho. Mkurugenzi, Doudou fulani, aliniambia sitalazimika kusoma kitu. Nikauliza nani anafundisha. Akasema hilo ni swali zuri.

Ya pili ni kwa wakili: miezi sita karibu naye, unajifunza kwa macho. Nilimkuta mwanafunzi wake wa mwaka jana akiosha gari. Anaosha vizuri.

Ya tatu ni ya parokia. Miezi mitatu, kila Jumamosi, bure. Mwishoni unapewa gilet ya buluu, kizibao chenye jina lako mgongoni, na mtaa wako wa kuhudumia. Nimechagua ya tatu. Si kwa sababu ya gilet.

Sharti ni moja. Kila mwombaji alete PV, yaani karatasi ya mapatano, ya ugomvi aliousuluhisha yeye mwenyewe, na saini za pande zote mbili. Mwisho Jumamosi, tarehe 13. Siku kumi na mbili! Watu wa mtaa wetu, Bel-Air, hawawezi kukaa siku kumi na mbili bila kugombana.

Ujumbe wa sauti wa mke wangu Virginie, kutoka Kasomeno. Alikwenda Aprili kumsaidia binti yetu Plamedie, aliyejifungua. Alisema wiki mbili. Ujumbe: sekunde kumi na moja. Anauliza kama ninakula. Ninakula.

Jumanne, 2 Septemba

Nimekwenda kumpeleleza Laurentine, parajuriste wa mtaa wetu. Miaka mitatu iliyopita alikuwa anauza beignets, maandazi yetu, kwenye kona. Leo watu tisa walikuwa wamekaa kwenye baraza yake. Tisa. Nilihesabu mara mbili.

Nikamwambia nimekuja kama mwenzake wa kazi. Akasema karibu, ngoja zamu yako. Nikawa wa kumi. Saa mbili nzima! Mama mmoja alinieleza habari za shemeji zake na nyumba ya marehemu. Mwingine akanipa nusu ya muhindi wake. Zamu yangu ilifika upesi kuliko nilivyotaka.

Laurentine alisema parajuriste hahukumu, wala hatetei mtu kortini. Anasikiliza. Anamwonyesha mtu ofisi inayofaa. Anapatanisha wale wanaotaka kupatana. "Ba Léonard," alisema, "hii kazi iko ya masikio, haiko ya kinywa." Nikamweleza kwa dakika ishirini kwa nini amekosea.

Jioni nimetundika kibao getini: PARAJURISTE MTARAJIWA. BISHA HODI. Viti vyote sita viko sebuleni, vimepangwa nusu duara. Nimevaa tai.

Alhamisi, 4 Septemba

Hodi ya kwanza! Saa nne kasoro dakika kumi. Bwana na bibi yake, wamegombana kweli, macho mekundu, hawatazamani. Nilinyoosha tai, nikafungua geti. Wakauliza nyumba ya Mama Laurentine iko wapi.

Niliwaambia amehamia Lukafu, siku hizi analima. Laurentine akapita nyuma yao na ndoo ya maji. Akawasalimia. Akanisalimia na mimi. Wakaondoka naye.

Hodi nyingine: hakuna.

Ijumaa, 5 Septemba

Kama ugomvi hauji, nitautengeneza.

Kushoto kwangu anakaa Mama Madeleine, mjane, mwenye bata kumi na mmoja. Kulia kwangu anakaa Papa Chishimba, mstaafu wa reli, mwenye mistari minane ya lengalenga, mchicha anaoumwagilia asubuhi na jioni. Katikati ni kiwanja changu. Pande zote mbili tumetenganishwa na mabati. Bati moja likilegea kushoto, na moja likilegea kulia, bata watafika kwenye mboga. Kesi itazaliwa yenyewe. Na mpatanishi yuko katikati, hana hata haja ya kuvaa viatu.

Sioni kasoro yoyote.

Jumamosi, 6 Septemba

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Misumari minne kushoto, mitano kulia. Chishimba hayupo tangu jana, yuko kwenye kilio cha binamu yake. Madeleine amekwenda sokoni.

Bata walikataa kutoka. Nikawawekea bukari, ugali wa jana, kwenye sahani. Wakaja wote kumi na mmoja, wakala, wakajilaza kivulini kando ya kiti changu. Mboga ziko hatua kumi, wao wamelala! Nikawaeleza mpango. Mmoja mweupe, mwenye mguu mbovu, anasikiliza vizuri sana. Nikamweleza na habari za ofisini, na ile ya mwaka majalada yalipoliwa na mchwa. Sikuona muda ukipita.

Saa mbili na robo bata wa kwanza aliingia kwa Chishimba. Saa tatu kasoro dakika tano, mistari mitatu ilikuwa imekwisha. Nimeandika kila kitu kwenye rejista. Nikawarudisha kwao, nikaegesha mabati.

Mchana Madeleine aliniuliza kutoka ng'ambo ya mabati kama nimeona kitu. Nikamwambia nilikuwa kwa kinyozi tangu alfajiri.

Jumapili, 7 Septemba

Imeanza! Chishimba amerudi kutoka kwenye kilio na kuona shamba lake. Kila mmoja amepanda kwenye kigoda nyuma ya mabati yake, na maneno yanapita juu ya kiwanja changu, juu ya kichwa changu kabisa.

Chishimba anasema bata wamekula mpaka mizizi. Madeleine anajibu: "Ile lengalenga yako haiko ya kula! Bata yangu inahara tangu jana!" Chishimba anasema hajawahi kusikia mwizi akilalamika chakula ni kibaya.

Nikasimama katikati, tai shingoni, nikainua mkono, nikasema mpatanishi yupo. Wote wawili wakasema kwa pamoja: "Papa ya Plamedie, ngoja kwanza." Mapatano yao ya kwanza. Nimeyaandika.

Kisha wakashuka. Wakatoka kwa upande wa barabara, wakakutana mbele ya geti langu, chini ya kibao changu. Nikafungua rejista ukurasa mpya. Wakapita.

Saa sita nikasikia kicheko. Madeleine amechinja bata mmoja wa kuomba msamaha, Chishimba anapika, na inaonekana wamewaita wengine. Harufu ya vitunguu imefika mpaka sebuleni kwangu. Si yule mweupe aliyechinjwa. Nilichungulia.

Nimekula sardini. Viti vingine vitano havina kazi.

Jumatatu, 8 Septemba

Ugomvi umekwisha bila mimi, lakini ulipita juu ya kiwanja changu. Kwa maoni yangu, mahali ni sehemu ya huduma. Nimeandaa PV safi, ukurasa mmoja na nusu, majina, sababu, saa. Nimekwenda kuomba saini.

Madeleine angesaini. Alikwisha kushika kalamu. Chishimba ndiye aliyevaa miwani. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kama mtu wa reli anayesoma ratiba. Kidole kikasimama.

"Ba Léonard, weye ulikuwa ku kinyozi. Hii saa mbili na robo, uliiona wapi?"

Nikasema ni makadirio. Akasema makadirio hayana dakika. Kisha akatazama kichwa changu. "Na ule kinyozi, alikata nini?"

Madeleine akaweka kalamu chini. Alikwenda tu kusukuma bati kwa kidole kimoja. Bati likalala.

Jumanne, 9 Septemba

Barua! Imeletwa na Laurentine mwenyewe, imekunjwa vizuri, jina langu kwa ukamilifu: Léonard Kalaba. Barua ya kwanza yenye jina langu tangu ofisi ilipoachana nami. Ninaalikwa kwenye mapatano kuhusu bata na lengalenga, Alhamisi, saa kumi alasiri. Upande: mlalamikiwa.

Laurentine aliuliza kama inaweza kufanyika nyumbani kwangu. Ushahidi uko hapa, na inasemekana nina viti.

Nimefagia mara mbili.

Alhamisi, 11 Septemba

Watu saba kwangu! Laurentine, Madeleine, Chishimba, Ephraïm wa ng'ambo ya barabara kama shahidi, mama wawili waliokuja kusikiliza tu, na mimi. Viti sita. Mlalamikiwa alikalia ndoo.

Ephraïm alieleza kuwa Jumamosi aliona mtu mwenye nyundo na sahani ya bukari akizungumza na bata. Laurentine akauliza mtu huyo alikuwa akizungumza nao nini. Ephraïm akasema ilikuwa hotuba ndefu, yeye alirudi kulala. Hata mimi nilicheka.

Laurentine alisema kidogo sana. Anaacha kimya kikae, mpaka mtu hawezi tena. Mbinu mbaya, inapoteza muda. Akaniuliza kwa nini. Nikatoa sababu tatu: kozi, sharti, tarehe. Hakuandika hata moja. Akauliza: "Siku ya Mungu, ulikula na nani?" Nikajibu swali halihusiani na bata. Akangoja. Nikasema sardini.

Madeleine alikuwa anatazama viti. Akauliza Mama ya Plamedie anarudi lini. Nikasema baada ya wiki mbili. Chishimba akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Ungesema tu," Madeleine akasema. "Mulango yangu haiko na funguo."

Sikuona uhusiano.

Mapatano: nipigilie mabati, nipande tena mistari mitatu, nimwagilie pamoja na Chishimba kila asubuhi, siku thelathini, kuanzia kesho. Nikasaini. Wakasaini. Kisha hakuna aliyeondoka! Madeleine alileta munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye jagi, tukanywa kwa zamu kwa sababu vikombe ni vinne tu. Walikaa kwangu muda wa saa tatu na dakika kumi. Kisha wakaenda.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemwagilia na Chishimba. Anasema ninashika ndoo kama karani.

Ujumbe wa Virginie. Madeleine amempigia, amemwambia yote. Dakika mbili na sekunde sita, na zote ni ugomvi. Aliniita mutoto, aliniita kichwa cha jiwe, aliuliza ni mutu gani anaharibu lengalenga ya mwenzake. Nyuma nilisikia mjukuu akilia. Kuhusu kurudi, hakusema. Ni ujumbe mrefu kuliko wote tangu Aprili. Nimeusikiliza mara nne.

Jambo jingine, kubwa. Ninayo sasa PV. Halisi, saini za pande zote, na jina langu limo ndani. Sharti halikusema jina liwe kwenye mstari gani.

Jumamosi, 13 Septemba

Ofisi ya parokia, saa tatu kamili. Nilikuwa wa kwanza. Anayeandikisha ni mwanasheria mmoja kijana, Sephora. Alisoma PV mpaka chini, akarudi juu.

"Papa," alisema, "weye njo mukosaji."

Nikamweleza kuwa mapatano hayawezekani bila mkosaji, kwa hiyo mchango wangu ulikuwa wa lazima. Bila mimi kusingekuwa na kesi, bila kesi Laurentine angekaa bure. Akajaribu kutocheka. Akashindwa. Akalaza kichwa mezani. Kisha akajifuta macho, akasema kwa upole kwamba sikukubaliwa. Kundi lingine ni mwezi wa tatu. Kati ya sasa na pale, nitafute mtu mmoja mwenye shida, nikae naye, nimsikilize mpaka amalize, nisiseme kitu. Hayo tu. Nije nimweleze.

Nikamweleza kwa nini utaratibu huo una kasoro. Foleni nyuma yangu ilikuwa imefika mlangoni.

Kibao nimekitoa getini.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeketi na rejista na kufanya tathmini bila huruma.

Siku kumi na moja kama parajuriste mtarajiwa: hodi moja, tena ya mtu mwingine. Siku moja kama mlalamikiwa: watu saba, jagi la munkoyo, saa tatu na dakika kumi, na dakika mbili na sekunde sita kutoka Kasomeno. Nilichagua upande usiofaa wa meza. Hakuna shule inayokufundisha hili. Kwa Doudou, kwa wakili, kwa parokia, wote wanamwandaa anayeita. Hakuna anayemwandaa anayeitwa.

Madeleine alipita baada ya misa, akasema sufuria iko motoni, nije. Nikamwambia nina kazi, nitakuja siku nyingine.

Maana kumwagilia kunakwisha tarehe 11 Oktoba. Chishimba ameniambia leo mwenyewe, siku thelathini, hakusema tuendelee. Baada ya hapo hakuna karatasi inayomlazimisha mtu kunijua. Ni lazima kesi ya pili iwe tayari kabla.

Bata walikuwa kosa la kiufundi. Wanatembea polepole, wanapenda kulala, na walihusu nyumba mbili tu. Lakini Ephraïm wa ng'ambo amenunua mbuzi dume. Nimemtazama tangu asubuhi kutoka dirishani. Kamba ni ya katani, imechakaa, fundo moja. Ukuta wa Ephraïm unafika kiunoni. Kuna bustani tano upande ule wa barabara, na mwisho wake maua ya padri.

Mbuzi mmoja, nyumba sita, na padri. Sebule haitatosha.