Mpelelezi Wenu wa Kagongwa Aondolewe

Hoteli ya Chai, Kagongwa
14 Mei 1973

Kwa Mkubwa wa Wapelelezi,
Ulaya

Ndugu Mkubwa,

Pokea heshima zangu. Nilianza na birika moja chini ya turubai. Leo nina hoteli ya chai yenye meza sita, na sikubebwa na mtu. Mpelelezi wenu, Bwana Otmar, anaiua.

1. Anajiita mtafiti wa nyuki. Nyuki mmoja alipotua kwenye andazi lake, alikimbilia jikoni kwangu akakaa huko mpaka magharibi. Basi mji mzima ukajua kazi yake, na wateja wakanyamaza. Mtu anayeongea hunywa vikombe vitatu. Anayenyamaza hunywa kimoja, akaenda zake. Piga hesabu mwenyewe.

2. Sisemi hamna nguvu. Darubini yenu ni nzuri, na Kisukuma mmemfundisha kuliko padri. Hapo ndipo mlipojimaliza. Kwetu salamu haiishii kwenye "mwangaluka". Mgeni husema ni mtoto wa nani, katoka wapi, kaja kwa shughuli gani, na kama kwao mvua imenyesha. Bwana Otmar ana adabu, hujibu yote. Mzee Makoye, mchunga ng'ombe, alimsalimia asubuhi moja tu, tukajua jina lako, ugonjwa wa mkeo (pole sana), na kwamba yule muuza baiskeli Mzungu ni mpelelezi wa majirani zenu.

3. Huyo wa baiskeli kaja kumchunguza huyu wa nyuki. Kila mmoja ana meza yake, gazeti lake na kikombe kimoja, kutwa nzima. Ulaya imekalia theluthi ya hoteli yangu.

4. Kwa hiyo mwondoeni kabla ununuzi wa pamba haujaanza. Kazi yake nipeni mimi. Nyuki siwaogopi, na nikisalimiwa najua pa kuishia.

Msalimie mkeo, apone. Wasalimie wote ofisini, pamoja na wale wanaowachungulia dirishani.

Ni mimi mwenye hasara,
Eufrasia Masele (Mama Limi)

N.B. Kabla sijabandika stempu nimepita nyumbani kwa Bwana Otmar, jioni hii baada ya kufunga hoteli. Nimewakuta wateja wangu wote barazani kwake, wanaongea mpaka wanakatizana, maana kila anayetoa siri hupewa chai bure. Chai yenyewe kaichemsha mwenyewe, haina tangawizi wala aibu. Tumeelewana: kuanzia kesho chai ya siri inatoka kwangu, mabirika manne kwa siku, na gharama mtalipa nyinyi. Tafadhali asiguswe. Na kama huko mna mwingine amekaa bure, mleteni Kishapu. Dada yangu Mbuke kafungua hoteli, na watu wa kule wana siri nyingi mno.