Jina la Jiwe la Angani

Kahawa ya Loveth ilikuwa bado ya moto Ulimboka alipoibuka kijiweni kwetu, jirani na stesheni ya Kilosa, akipunga simu hewani. Tunamwita Wakili, ingawa mahakamani ameingia mara moja tu, tena kama mshtakiwa.

"Oyaa, Kilosa tumeula! Wanafunzi wetu wamegundua jiwe angani. Asteroidi! Limethibitishwa, na wao ndio watapendekeza jina."

"Litaangukia wapi?" akauliza Elikana, ambaye kwa ubahili wake tunamwita Kauzu. "Maana mahindi yangu yameshabeba."

"Haliangukii popote. Liko kati ya Mirihi na Mshtarii, kwenye ukanda wa mawe kibao, linazunguka jua tu."

"Linazunguka, halishushi abiria, halipakii mzigo?" Mzee Mudathir, dereva mstaafu wa treni, akatikisa kichwa. Huyo tunamwita Injini. "Hata hivyo liitwe Mudathir. Nimehangaika na reli hii tangu hamjazaliwa."

"Liitwe Kahawa ya Loveth," akadakia mwenye kahawa, "wazungu waje waulize bei."

"Mmechelewa," akasema Wakili. "Nimeshampigia mheshimiwa diwani. Nimemwambia jina lake liko njiani kwenda mbinguni. Amefurahi mpaka akakohoa!"

Kauzu akacheka. "Gombaneni. Nyota hazijawahi kujaza sufuria ya mtu."

Zogo lilikuwa limepamba moto alipotokea Mwalimu Hildegarda, anayefundisha fizikia sekondari.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwalimu," akajibu Injini. Wakili hata hakungoja aketi.

"Mwalimu, diwani anaandikwa na 'mheshimiwa' au bila?"

"Bila vyote, kaka. Mwanasiasa haruhusiwi mpaka afe, kisha ipite miaka mia."

Wakili akaitazama simu yake kama imemng'ata. "Sasa namwambiaje? Atangulie kwanza?"

"Na kahawa yangu?" akauliza Loveth.

"Biashara nayo hapana, dada."

Injini akataka kujua jiwe lilionekanaje bila mtu yeyote kuondoka Kilosa. Mwalimu akaeleza kwamba walitumiwa picha zilizopigwa na darubini ya nje ya nchi. Mwanafunzi mmoja akaona kidoti kinahama kutoka picha hadi picha, wakati wengine wote, mwalimu akiwemo, walikuwa wamekipita. Wataalamu wakakifuatilia kwa miaka mpaka wakaijua njia yake nzima.

"Basi apewe mtoto huyo," akasema Kauzu, akinyanyua kikombe. "Haki ni haki. Wa nani?"

"Wa kwako, baba. Costancia."

Kikombe hakikufika mdomoni. Sote tulijua Kauzu alimtoa binti yule shule alipomaliza kidato cha pili, akampeleka Dumila kwa shangazi yake auze vitunguu kwa abiria wa mabasi. Sote tulijua, na sote tulinyamaza, kwa sababu vitunguu vile vilifika hadi Kilosa, nasi tulikuwa tunavila.

"Nimekuja kwako mara ngapi, baba?" Mwalimu aliuliza polepole. "Ukasema subiri mavuno. Tangu tulione lile jiwe, limeshazunguka jua na kurudi pale pale. Costancia hajarudi darasani."

"Si mtampa jina?" Kauzu alisema kwa sauti ndogo. "Jina si ndiyo heshima?"

"Nilimpigia jana. Amesema mtaje yeyote mnayemtaka. Yeye anaomba dawati."

Nilimtazama Wakili nikitegemea utani. Alikuwa anakuna goti. Ni Injini aliyesema, "Elikana, mdogo wangu, jiwe lisilo na akili limepiga raundi hiyo yote. Wewe Dumila tu hapo pamekushinda?"

Kauzu akafuta macho kwa mkono wa shati, akaita bodaboda. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiwe hiki, hakubishania nauli.

Wiki iliyofuata Costancia aliingia kidato cha tatu, mrefu kuliko wenzake wote, na hakujali. Wanafunzi walipiga kura, jina lao wakalituma: Mkondoa, kama mto wetu.

Siku hizi Kauzu hakamatiki. Mgeni akiketi tu, anaanza: "Hilo jiwe tuligundua sisi, mimi na binti yangu."

Jana Loveth alishindwa kuvumilia. "Binti aligundua jiwe," alisema, akimmiminia kahawa. "Wewe uligundua njia ya Dumila."