Redio za Polisi na Pikipiki Yangu Nyekundu

Jumatatu, 7 Mei 1990
Siku kubwa! Mkurugenzi wetu wizarani, Bayingana, ametukabidhi, mimi na Kabagwira, ukaguzi wa redio mpya za mawasiliano za polisi. Zimegawiwa vituo vyote vya Kigali, ili mwizi akiiba mtaa wa Nyamirambo, polisi wa Gikondo wajue kabla hajafika kwao. Je, zinafanya kazi? Atakayeleta jibu bora atakuwa mkuu wa ukaguzi. Mkuu! Kabagwira anasema atazunguka vituoni na kuuliza. Kuuliza! Maskini dada wa watu. Mkaguzi wa kweli hutega.

Jumanne, 8 Mei
Mtego wangu: nimeibiwa pikipiki. Mwizi ni shemeji yangu Achille, kaka wa mke wangu Xavérine. Nilimvika koti langu la kahawia na kofia yangu nyeusi, avuke mji na pikipiki hiyo mchana kweupe hadi kwake Gikondo. Mimi nikakimbilia makao makuu ya polisi, nikalia mwizi! Nikaeleza: pikipiki nyekundu, koti la kahawia, kofia nyeusi. Nikaongeza "na uso wa mtu asiyeaminika", kwa utamu tu. Afisa akaandika yote. Najivunia machozi yangu. Yalitoka yenyewe.

Jumatano, 9 Mei
Achille alifika salama! Anasema pikipiki ilizimika mbele ya kituo cha polisi cha Gikondo, na polisi wawili wakatoka kumsukuma. Wakamtakia safari njema! Redio zote bure, na mgunduzi ni mimi. Kesho nafuata pikipiki yangu, halafu naandika ripoti ya kutikisa wizara. Xavérine kauliza kama nimewaambia polisi kwamba wizi ulikuwa wa majaribio. Daima yeye na mambo madogo.

Ijumaa, 11 Mei
Ye baba we! Jana niliondoka kwa Achille na pikipiki yangu. Mvua ikanyesha, nikavaa koti. Na kofia. Mbele ya kituo kile kile polisi mmoja, Rugamba, akanisimamisha. "Shuka, mzee. Mwizi iko wewe." Nikamwambia mimi ni mkaguzi wa serikali. Akasema koti na kofia watu wengi wanavyo, lakini uso ule haukosewi.

Nililala kituoni, juu ya benchi, mgongo kwenye kabati la chuma lililofungwa. Moyoni fahari tupu! Redio zinafanya kazi! Nimezithibitisha kwa mwili wangu mwenyewe! Ripoti nyingine kabisa, na bora zaidi.

Asubuhi Kabagwira akaingia katika mzunguko wake. Akamuuliza Rugamba redio iko wapi. Rugamba akaonyesha kabati nililoliegemea. Mkubwa wa kituo kaifungia humo tangu ilipoletwa, isije ikaibiwa, na ufunguo kaenda nao harusini Butare. Na habari za mwizi wa pikipiki je? Zililetwa na polisi mwenye baiskeli, jana asubuhi, kwenye karatasi iliyolowa.

Kabagwira akanitambulisha, nikafunguliwa. Hakucheka. Heri angecheka.

Jumatatu, 14 Mei
Kabagwira ndiye mkuu. Inasemekana vituo vingi vimefungia redio zao vivyo hivyo. Nimemweleza Mkurugenzi, kwa heshima, kwamba bila mimi kukamatwa nani angejali kabati la Gikondo? Kwa hiyo ugunduzi ni wangu. Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama kitu adimu. Kisha akanihamishia ukaguzi wa magari ya zimamoto. Peke yangu! Bila mshindani! Kazi ya imani kubwa hiyo, haipewi kila mtu. Nilitembea hadi nyumbani kifua mbele, nikiwasalimu hata nisiowajua.

Jioni hii Xavérine kauliza kwa nini nimenunua mafuta ya taa na kuhamishia uani viti vyote vya sebuleni. Nimemhakikishia kwamba moto utakuwa mdogo.