Miwani ya Salvatori na Memori ya Makarius

Jumatatu, 7 Juni 1999

Siku kubwa. Mama Dafrosa, bosi wetu hapa Mradi wa Ramani za Vijiji, Mpanda, ametuita ofisini kwake akatuonyesha sidii. Programu, kutoka kwa wafadhili. Unaipa picha zilizopigwa na ndege, mbili mbili, sehemu ile ile ikiwa imetazamwa kutoka pembe mbili, nayo inakutolea ramani yenye milima na mabonde yake. Tatizo ni moja tu, kompyuta ya kuibeba hatuna. Iliyopo inaandika barua, na barua ikiwa ndefu inazima.

Wafadhili wamesema tuchague mashine wenyewe kwa sababu sisi ndio tunaojua mazingira yetu. Mama Dafrosa ametuagiza mimi na mwenzangu Makarius kila mmoja alete pendekezo Ijumaa. Pendekezo likipita, mwenye nalo ndiye atakuwa mwendesha mashine. Ajira ya kudumu! Yule mwingine mkataba wake unaishia Julai.

Yule mwingine hawezi kuwa mimi. Mkataba ukiisha narudi Kakese kwa kaka Enoka kupanga majani ya tumbaku na kufunga marobota. Kaka ameshaniwekea jembe langu. Ananikumbusha kila Jumapili, tena kwa upole, na huo upole ndio unaoniudhi.

Jumanne, 8 Juni

Makarius ameanza. Aliwahi kusoma kozi fupi ya kompyuta Tabora, na cheti chake amekitundika juu ya meza yake, hivyo ukimsalimia yeye unakuwa umekisalimia na cheti. Leo ametuhutubia wakati wa chai. Anasema programu ya namna hii inakula memori. Picha moja ya ndege ikiingizwa kwenye mashine ni mzigo, mbili ni balaa, na mashine yenye memori ndogo itakaa inawaza mpaka mwenyewe uzeeke. Kwa hiyo atapendekeza memori kubwa, diski kubwa, prosesa ya kasi, na skrini ya kawaida tu.

Mawazo hayo hayo nilikuwa nayo mimi. Niliyasoma asubuhi kwenye kitabu cha programu, kabla yake. Sasa siwezi kuyatumia tena, yameshakuwa ya kwake. Nikampinga papo hapo. Nikasema memori ni mambo ya kizamani.

Baada ya hapo nikagundua kwamba sina pendekezo.

Jumatano, 9 Juni

Nimepata. Katalogi, kurasa za nyuma kabisa. Mzungu mwenye tai, amevaa miwani myeusi, ameikabili skrini kubwa kama kabati la vyombo. Maelezo yanasema miwani hiyo inafumba jicho la kulia na la kushoto kwa zamu, upesi mno, na picha mbili zinakuwa moja, milima inakujia usoni. Inataka kadi yake maalumu na skrini yake maalumu. Vitu hivyo vikishanunuliwa, fungu lote la wafadhili limekwisha na memori inabaki ya kuombea Mungu. Safi kabisa. Makarius ataumia.

Kuna kajambo kamoja kadogo. Jicho langu la kushoto. Tangu nilipougua surua utotoni halina kazi kubwa, lipo kwa ajili ya kukamilisha uso. Ofisini hakuna anayejua. Tunacho kifaa cha lenzi mbili cha kutazamia picha za ndege mezani. Wenzangu wakiinama wanaona ardhi imeinuka. Mimi naona karatasi. Mbinu yangu ni kungoja mtu mwingine aseme kilima kiko wapi, kisha nakubali, taratibu, kama mtu aliyekuwa akipima. Imenifaa tangu nianze kazi. Siku moja tu nilisifia bonde kabla picha haijawekwa.

Lakini kazi ya miwani si ndiyo hiyo, kusaidia macho? Na hii ni ya bei mbaya. Itasaidia sana.

Alhamisi, 10 Juni

Leo kazi ya chini kwa chini. Nimemnong'oneza Hana wa mapokezi kwamba mwaka 2000 ukiingia, kompyuta zenye memori kubwa zote zitakufa, kwa kuwa ndizo zinazoukumbuka sana mwaka wa zamani. Zenye memori ndogo zitasahau na kuendelea na maisha. Hana akauliza kwa nini zisizimwe tu usiku huo halafu ziwashwe kesho yake. Nikamwambia mambo si mepesi hivyo. Kufika saa nane mchana habari ilishafika kwa Mama Dafrosa. Kwa bahati mbaya ilifika pamoja na jina langu.

Jioni Makarius akanifuata mezani na kitabu cha programu. Akasema, "Salvatori, ndugu yangu, hebu soma hapa." Akaeleza kwamba mashine ikiwa na memori ya kutosha, programu inazilinganisha picha yenyewe na kutafuta kimo cha milima yenyewe. Mtu anabaki kubonyeza na kusubiri. Hata asiyeona vizuri ataweza, akasema.

Nikamtazama. Sikusoma. Mtu akikufungulia ukurasa ujue ana lake.

Ijumaa, 11 Juni

Kikao. Makarius alitumia ubao. Alichora mishale. Mhasibu akasinzia, mimi nikamsaidia kwa kupiga miayo.

Zamu yangu ilipofika nikasimama na katalogi nikaipitisha mkono kwa mkono. Nikasema memori haionekani. Diski haionekani. Siku wakubwa wa mkoa wakija kutoka Sumbawanga tutawaonyesha nini, sanduku? Skrini hii itaonekana kuanzia getini. Na wafadhili wanapenda kupiga picha, je, watapiga picha memori? Mhasibu akaamka.

Mama Dafrosa akauliza kama macho yangu yataweza kazi hiyo ya miwani siku nzima. Nikajibu kwamba macho kwetu ni ya ukoo. Babu yangu alikuwa akiwinda nyati. Sikueleza nyati wa mwisho alimfanyaje.

Pendekezo langu limepita! Makarius akanipongeza bila kununa hata kidogo. Jambo hilo limeniharibia furaha kwa kiasi.

Jumapili, 13 Juni

Kakese. Nimemwambia kaka Enoka jembe langu ampe mtu mwingine. Kaka akafikiri, akasema atalitunza tu, halili chakula. Shemeji akacheka mpaka akatoka nje.

Jumatatu, 5 Julai

Mashine imefika na treni ya Tabora. Tumeibeba kutoka stesheni kwa mkokoteni wa ng'ombe wa mzee Malale, Msukuma wa Sibwesa ambaye huleta mahindi mjini. Boksi la skrini lilipopandishwa, ng'ombe mmoja akalala chini. Mzee Malale akauliza kwa heshima kama ni maiti. Nikamwambia ni kioo cha kutazamia ardhi. Akasema ardhi yenyewe iko bure pale nje.

Ofisini skrini ikagoma kupita mlangoni. Tumeng'oa fremu. Meza nayo ikaanza kulia ilipowekewa, kwa hiyo skrini iko juu ya mifuko ya saruji. Inaonekana kuanzia getini kama nilivyoahidi.

Treni hiyo hiyo imemleta Injinia Onesphore kutoka Dar, mtaalamu wa hizi ramani za picha, aje kutufungia mashine na kutufundisha. Akafungua sanduku la kompyuta, akachungulia ndani, akauliza memori nyingine iko wapi. Nikamwambia ndiyo yote hiyo. Akauliza nani alichagua. Nikapiga hatua mbele.

Akasema, "Mh." Akaendelea kukaza skrubu.

Jumanne, 6 Julai

Jenereta likawashwa asubuhi. Injinia akaiambia mashine ifungue picha ya Sibwesa. Tukanywa chai. Tuliporudi picha ilikuwa imefika nusu. Tukakaa. Tukaongea habari za mvua. Ya pili ilikamilika tukiwa tunakula ugali wa mchana. Makarius akanisogezea mboga. Angenicheka ningejua la kumjibu.

Kisha miwani. Nimeivaa mimi wa kwanza, kwa haki. Mwanga, giza, mwanga, giza. Kumbe ikifumba jicho langu la kulia inaniachia hili la kushoto, ambalo linaona ukungu. Nikasema, "Ajabu." Huo ulikuwa ukweli mtupu.

Injinia akaniambia niishushe ile nukta ya mwanga mpaka itue juu ya kilele cha mlima, isielee hewani wala isizame ardhini. Nikangoja mtu aseme kilele kiko wapi. Kumbe wote walikuwa wananingoja mimi. Nikaiweka nukta mahali penye heshima. Nikaendelea mpaka jioni, nukta baada ya nukta, bila kusita, maana anayesita ndiye anayetiliwa mashaka.

Mzee Malale alipita kuchukua kamba zake. Injinia akampa miwani ajaribu. Mzee akaruka nyuma. "Hee! Huu si mlima wa kwetu huu? Na kale kanjia nako hako, kanashuka korongoni kwenye maji ya ng'ombe wangu." Akanyoosha mkono alishike korongo. Ofisi nzima ikacheka kwa furaha. Nami nilicheka, nikinyoosha kidole. Hana akanigeuza taratibu, korongo lilikuwa upande wa pili.

Alhamisi, 8 Julai

Jana Sabasaba, hatukufanya kazi. Leo ramani yangu imetoka kwenye printa.

Kwa mujibu wa ramani, mlima wa Sibwesa ni shimo. Mto unapanda. Shule iko hewani, juu zaidi ya kila kitu wilayani. Injinia akaiweka kando ya ramani ya zamani. Nikasema ile ya zamani imepitwa na wakati. Akauliza, na mlima je?

Kisha akaniomba nifumbe jicho la kulia, akanyoosha kidole ukutani, nisome. Nikasoma kalenda, mwezi Julai, vizuri kabisa. Alikuwa ananionyesha cheti cha Makarius.

Hakunikemea, afadhali angenikemea. Alikaa nami akaeleza kwamba mbona wako watu wengi wenye jicho moja zuri katika kazi hii, ila wao huchukua mashine yenye memori kubwa, programu inatafuta vimo yenyewe. Kwa mashine ile ya Makarius ningefanya kazi hii mpaka nistaafu, na hakuna ambaye angejua. Akanifungulia kitabu. Ukurasa ule ule.

Nilitoka nikakaa nyuma ya ofisi. Roho iliniuma kwelikweli. Niliwaza tumbaku, niliwaza upole wa kaka. Nililia kidogo, jicho la kushoto likalia sawasawa na la kulia, hapo halina ulemavu.

Mama Dafrosa akanikuta huko huko. Mwendesha mashine ni Makarius, memori itaagizwa. Lakini ramani haikai mahali pake bila mtu wa kwenda vijijini, akasimama kwenye pointi zinazoonekana pichani, njia panda hii, kona ya shule ile, akazipima kwa kifaa cha satelaiti. Kazi ya kutembea. Jicho moja linatosha, na ajira ni ya kudumu. "Mwanangu, ungesema tu tangu mwanzo," akasema.

Nikamuuliza, kusema nini?

Ijumaa, 9 Julai

Nimeajiriwa. Nimelala usingizi mzuri na nimeamka mtu mpya. Ugomvi na Makarius basi, nimefunga ukurasa.

Saa nne kikao kifupi cha kuchagua hicho kifaa changu. Injinia amekuja na viwili, tubaki na kimoja. Cha kwanza unakivaa shingoni kama filimbi, kinatumia betri za tochi. Cha pili kinabebwa mgongoni kwenye fremu ya chuma, kina mlingoti, na kinatumia betri ya gari. Injinia akasema kwa ramani za vijiji vyote viwili vinatosha, tuchague tu.

Makarius akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Akashauri tuchukue chepesi. Alisema Sibwesa ni mbali, njia ni za miguu, ni milima, na atakayetembea nacho ni ndugu yetu Salvatori. Aliongea kwa huruma kabisa, na wenzangu wakawa wanaitikia kwa vichwa.

Nikaona mara moja anakotaka kunipeleka. Nikasimama. Nikasema kitu chepesi hupotea. Kitu chepesi huazimwa na kila mtu. Kipimo cha serikali hakiwezi kuvaliwa kama filimbi ya refa. Niliongea mpaka jasho likanitoka, na nilipokaa Mama Dafrosa alikuwa amejishika kichwa, akasema haya, tumpe anachotaka.

Nimeshinda! Jumatatu naondoka nacho mgongoni. Makarius alisema basi angalau nibebe betri moja tu. Nimedai mbili.