Gundi ya Mifupa Stoo ya Bahasha

Idara ya Uungaji wa Mifupa inawatangazia wananchi wote kwamba kuanzia leo kuvunjika si tatizo tena. Imepatikana gundi iliyoigwa kwa kome, yule kiumbe wa gambani anayeng'ang'ania mwamba wimbi likimpiga kutwa kucha, asibanduke. Gundi hii hushika palipo na majimaji tu.

Mama Cherehani aliisoma taarifa hiyo mlangoni mwa hospitali, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni. Alianguka kutoka kwenye kigoda akipima pazia la jirani, mfupa wa kiwiko ukawa kama ganda la yai lililokanyagwa.

"Skrubu haishiki vipande hivi," daktari alimwambia. "Gundi ndiyo dawa yako. Tukichelewa vitaunga mshazari, na mkasi hutaushika tena."

"Basi nipake, mwanangu."

"Ningekupaka, mama. Iko stoo ya bahasha."

Na ni haki kabisa. Idara ilijiuliza gundi ni ya nini, ikajijibu: ni ya bahasha. Ikawekwa rafu moja na mihuri. Mwenye idhini ya kuitoa ni Mkurugenzi peke yake, Kamati ya Mnato ikishachunguza kama kome ni samaki, na kama ni samaki, alivuliwa kwa kibali cha nani.

Mama Cherehani akaenda na daktari wake kwenye kikao cha Kamati, akakaa mbele kabisa, kiwiko kikimwaka moto.

"Mheshimiwa, kitendawili!"

"Tega," Mkurugenzi akaitikia bila kufikiri, maana hata mkubwa alilelewa na bibi.

"Dawa ninayo, mgonjwa ninaye, wala haponi."

Wajumbe wakainamisha vichwa. Nani ategue mbele ya bosi?

"Mmeshindwa? Haya, nipeni mji!"

"Kugawa miji si mamlaka ya idara hii," alisema Mkurugenzi. Akafungua kichupa cha gundi, akachovya kidole ili kukagua mnato kwa niaba ya umma. "Mnaona? Haishiki kitu!"

Kisha, kama walivyo wakubwa wenye hotuba ndefu, akalamba kidole hicho afungue ukurasa.

Kidole hakikurudi.

"Mmm!" alisema Mkurugenzi.

Daktari akasimama upesi. "Naomba gundi itolewe kwa mama huyu. Kuna pingamizi?"

"Mmm! Mmm!"

Katibu, mtu wa kanuni tangu tumboni mwa mamake, akakohoa. "Pingamizi hutolewa kwa maneno. Maneno hayakusikika. Imepita."

Siku ile ile Mama Cherehani akapakwa. Vipande vikashikana kama ndugu wa tumbo moja, na mfupa ukaunga umenyooka.

Na Mkurugenzi je? Maji ya kubandua yapo, stoo ile ile. Kuyatoa kunahitaji idhini ya Mkurugenzi, kwa maneno. Idara ikasubiri aseme. Huku nyuma, kila ombi lililolala mezani likasomwa mbele yake, akaguna, likapita. Foleni ya getini ikayeyuka kama barafu juani.

Mama Cherehani aliporudi kuangaliwa mkono, alimkuta kwenye benchi la wagonjwa, kidole mdomoni, machozi yakimlengalenga.

"Maskini! Wamekuambia usubiri, eti?"

Mkurugenzi akatikisa kichwa kukubali.

Mama akaketi kando yake, akampapasa bega kwa mkono wa kulia.

"Ndivyo walivyo, mwanangu. Watakuwaje na haraka, na kidole si chao?"